Shaba Niliyoibeba kwa Kinga

Mpaka leo nikisikia harufu ya makaa ya moto yaliyomwagiwa maji, roho inanichafuka. Watu wa nyumbani hudhani ni asidi ya viwanda iliyoniharibu tumbo, maana Likasi sote tulikua tukiikohoa. Asidi niliizoea zamani. Harufu ya makaa ndiyo imenishinda, na nitaeleza kwa nini. Nitaeleza polepole, kwa sababu mimi hata kusema nasema polepole.

Nilikuwa na kinga. Kwetu baiskeli tunaiita kinga. Ilikuwa ya baba. Kampuni ilimpa alipotimiza miaka ishirini katika kiwanda cha asidi, pamoja na karatasi yenye muhuri. Ilikuwa nyeusi, chuma kitupu, na keria yake ya nyuma ilibeba gunia la makaa bila kulia. Baba aliipanda mwaka mmoja tu, kisha mapafu yake yakakataa vilima. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na sikupata nafasi ya kuendelea, basi nilikaa barazani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi, nikitengeneza kinga za watu. Mteja akija nilitazama gurudumu lake, si uso wake. Watu walisema mtoto yule ana heshima. Haikuwa heshima, ilikuwa haya.

Kila Jumapili, baada ya misa, nilikuwa natoka mjini kwa barabara ya zamani. Daraja lake la kwanza lilikuwa limevunjika, magari yote yalipita barabara ya lami ya kwenda Kambove, na hata huko yalikuwa machache kwa sababu mafuta hayakupatikana. Kwenye barabara ya zamani halikupita gari lolote. Unavuka mto kwa magogo mawili, kinga begani, halafu unapanda. Kilima cha kwanza unasukuma kinga. Cha pili unakipanda ukisimama juu ya pedali. Baada ya cha tatu, harufu ya mji inakwisha ghafla, kama mtu aliyefunga mlango, na unasikia mnyororo wako mwenyewe.

Vijiji vya huko ni vya watu waliofua shaba kabla ya kampuni yoyote. Mtu akilima shamba la mihogo, jembe linagonga takataka nyeusi za mawe yaliyoyeyushwa, na vipande vya mabomba ya udongo. Watoto wanavitumia kuchezea. Mimi nilipita kila Jumapili nikiokota mawe ya kijani njiani, nikitia mfukoni, na mama alilalamika kwamba natoboa suruali.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa kwa kambo, ndivyo kwetu tunavyomwita babu, kaka wa bibi mzaa mama. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, mkali kwa kila mtu, na alipenda sukari kuliko watoto wanavyoipenda. Nikimletea sukari, anazungumza. Alipokuwa mdogo sana aliwahi kumpulizia baba yake mivukuto, mara moja, tanuru la mwisho lilipowashwa pale kijijini. Halafu Wazungu walikataza. Baba yake akafa, kaka zake wakaenda kuchimba katika migodi ya Wazungu hao hao. Yeye alibaki na mivukuto. Ngozi zake zilipooza alizibadilisha, zikaoza tena akazibadilisha tena, na hakuna siku aliyoitumia.

“Minye najua yote,” aliniambia zaidi ya mara moja. “Udongo wa kichuguu, majiwe, makaa, nyimbo, yote. Lakini hii mikono haiyatoa mukuba. Hata moja. Nitakufa na mikono ya bure, sawa ya mwanamuke ambaye hakuzala.”

Mukuba ni shaba. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani: shaba itoke mara moja kwa mikono yake, aione. Sukari ilikuwa ya pili.

Kosa la kwanza lilifanywa na mdomo wangu, mdomo ambao kwa kawaida haufunguki.

Katika mtaa wetu kulikuwa na mkuu wa vijana wa chama. Mwanamume mnene, wa miaka kama arobaini, kijana kwa cheo tu. Alivaa abakosti, lile koti la chama lisilo na tai, hata wakati wa joto, na kifuani alibandika picha ndogo ya Rais, ambayo aliifuta kwa kidole gumba kila alipotaka kusema jambo. Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa turudi kwa mababu. Tulivua majina ya watakatifu, waliokuwa na tai walizivua, na kila mtaa ulishindana kupata kitu cha mababu cha kuonyesha wakubwa. Siku moja alileta kinga yake ina pancha. Akasimama juu yangu akisema anatafuta ngoma ya zamani, mganga wa zamani, kitu chochote cha zamani. Aliniuliza mimi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza kitu. Nikamwambia habari ya kambo yote, mpaka gundi ikakauka kwenye kiraka.

Aliifuta picha yake.

“Sitwayeni,” alisema, maana miaka ile kila mtu aliitwa hivyo, raia, “umeokoa mutaa.”

Mpango ulikuwa hivi: safari ya kinga kwenda kwenye vijiji vya mababu, kinga tisa, bendera mbele, ngoma katikati, na mpiga picha. Kambo angewasha tanuru mbele yetu. Nilitumwa kumwambia. Nilidhani atanifukuza. Aliingia ndani, akatoka na mivukuto, akaanza kuipaka mafuta mpaka yakamwagika mguuni.

Alitoa masharti mawili. Tanuru likishajengwa likauke siku nne, bila haraka. Na mkono wowote usiingie ndani yake ila wake. “Tanuru ni mwanamuke wa mimba,” alisema. “Muntu mwengine akitia mukono, anatoa mutoto ambaye haiko wa nyumba.”

Nilirudi nikasema masharti yote mawili. Mkuu alisema hakuna shida. Kisha mkubwa fulani wa juu akabadilisha siku zake, na mkuu akaiwahisha safari, na nilipofika kwa kambo na habari hiyo tanuru lilikuwa na siku moja tu, udongo wake bado unang’aa kwa maji.

“Mwambie angoje,” alisema kambo.

Nilimwambia. Mkuu akajibu, “Mababu walikuwa na masiku. Sisi tuko na programu.”

Asubuhi ya safari alikuja kwetu kabla ya wengine, akiwa amebeba mfuko wa mchele uliofungwa kwa kamba. Aliuweka juu ya keria yangu na kinga ikayumba. Nikafungua. Ndani kulikuwa na vipande vya shaba ya kampuni, vya rangi ya waridi, vilivyokatwa kwenye ncha za yale mabamba makubwa yanayotoka kiwandani. Pembeni zake zilikuwa na vinundu vinundu, kama chunusi. Mtu yeyote wa Likasi aliijua ile shaba kwa kuitazama tu, na alijua pia kwamba akikutwa nayo atakwenda gereza la Buluo.

“Funika na vitambaa vyako vya kazi,” alisema. “Weye ni fundi, mufuko wa fundi unakuwaka nzito.”

Nilimuuliza ni ya nini. Nadhani ndilo swali la kwanza nililomuuliza katika maisha yangu.

“Mababu wanaomba kusaidiwa kidogo,” alisema. Akacheka kwa pua. “Unataka tufike kule, tupige ngoma, halafu majivu njo itoke? Mukubwa atasema nini? Kambo yako ataona haya. Unamupenda kambo yako, hapana?”

Nilifunika na vitambaa.  Kwenye kizuizi cha kutoka mjini, mlinzi wa kampuni alipiga saluti bendera ikapita, na mimi nikapita nyuma ya bendera nikiwa na jasho mpaka kwenye soksi.

Ile barabara yangu sikuitambua. Walipiga kelele. Kwenye magogo mkuu aliogopa, akavuka kwa kutambaa kwa magoti, na alipofika ng’ambo alikojoa mtoni, juu kidogo ya mahali wanawake wa kijiji cha kwanza wanapochota. Wanawake walikuwepo, na ndoo. Walitazama kando. Kilima cha pili kilimshinda. Alinipa kinga yake niisukume pamoja na yangu, moja kila mkono, yeye akitembea nyuma ameshika kiuno.

“Mukubwa!” mpiga picha alimwita kutoka juu. “Bendera iko mbele, chama iko nyuma!”

“Funga kinywa, ama nitakuacha huku na mababu yako.”

“Ba mababu wangu wako Kasai, mukubwa. Hawa hawanijue.”

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo linanichukiza hata sasa, kwamba nilicheka na mfuko ule nyuma yangu. Njiani walitupa chupa, maganda ya ndizi, karatasi za biskuti. Mahali ambapo kila Jumapili nilipumzika, chini ya mwamba wenye mstari wa kijani, mmoja wao aliacha mavi.

Kambo alikuwa amevaa koti lake la misa, jeusi, limefungwa vifungo vyote. Mkuu alimtazama.

“Koti ni ya Bazungu. Vua.”

Wakamvisha sketi ya makuti na kitambaa cha dukani kilichochapwa madoa ya chui. Kifua chake kilikuwa chembamba na nywele zake za kifuani nyeupe. Sikuwahi kukiona kifua chake.

“Hii ni ya nani?” aliuliza akishika kitambaa.

“Ya mababu.”

“Baba yangu hakukuwa na hii. Alikuwa anavaa ngozi ya mbuzi, na ilikuwa inanuka.”

“Papa, tunafanya picha, hatufanyi palabre, maneno mengi hapana.”

Tanuru lilisimama nyuma ya nyumba, urefu wake mpaka kifuani kwa mtu, udongo wa rangi ya kahawia iliyoiva. Kambo alikuwa amekwisha kulipanga: makaa chini, mawe ya kijani yaliyopondwa juu, makaa tena. Mawe aliyachagua mwenyewe, moja moja, kwa miezi. Alimwomba mkuu mbele ya watu wote wangoje siku mbili tu, walale, kijiji kitawachinjia mbuzi. Mkuu akasema haiwezekani. Kambo aliangalia udongo, akaugusa kwa mgongo wa mkono, akanitazama mimi. Nilikuwa natazama gurudumu langu.

Halafu mpiga picha alimchukua kwenda kijitoni, apigwe picha akichota maji ya mababu. Watu wote waliwafuata. Mkuu alibaki na mimi.  Alinyoosha kidevu kuelekea mfuko.

Nilifanya. Ndicho ninachotaka kukiandika wazi: hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenipiga. Niliondoa makaa ya juu na mawe ya kambo, nikaingiza mkono mpaka begani, nikapanga vipande vya kiwandani kimoja kimoja juu ya makaa ya chini. Ndani kulikuwa na baridi na unyevu kama kinywa cha mnyama mgonjwa. Udongo mbichi ulinishika kwenye vinyweleo. Kipande kimoja hakikuingia, mkuu aliona wanarudi, akanipigia mluzi, nikakitupa mfukoni na kurudisha mawe na makaa. Kambo alirudi akanikuta nimeweka mkono nyuma ya mgongo, umejaa udongo mpaka begani.

“Umeanguka?” aliniuliza.

“Ndiyo, kambo.”

Walipuliza kuanzia jua likiwa juu mpaka likaanza kushuka. Kambo upande mmoja, jirani yake upande wa pili, mivukuto ikipanda na kushuka, na aliimba nyimbo ambazo hata jirani hakuzijua, akabaki kuimba peke yake kwa ile sauti ya kukwaruza. Ukuta ulitoa mvuke, ukapasuka ubavuni, kambo akauziba kwa udongo kwa kiganja kitupu bila kuacha kuimba. Mkuu alikuwa akila mbuzi kivulini. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye picha ya Rais, akaifuta kwa kidole chenye mafuta, ikawa na ukungu.

Kisha kambo akatoboa tundu la chini, na shaba ikatoka.

Ilitoka nyekundu, nyingi, laini, ikajaa kwenye shimo la mchanga alilolichimba, ikamwagika nje. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyagwa, akapiga magoti na ile sketi ya makuti, akaipepea shaba kwa mikono miwili kama unavyompepea mtoto mchanga. Alikuwa akilia. Wanawake walipiga vigelegele. Mpiga picha alisema moshi unamharibia, basi mkuu akachukua ndoo ya maji akaimwaga juu ya makaa yote.

Hiyo ndiyo harufu. Ilinipanda puani, nikakimbia nyuma ya banda la kuku nikatapika kila kitu. Nikasikia mtu akisema, “Mutoto wa watu, furaha imemuzidi.”

Ile shaba iliyoganda ilirudi Likasi juu ya keria yangu, imefungwa bendera. Kambo walimwachia tone moja lililochuruzika pembeni, ukubwa wa punje ya mahindi. Alilitoboa, akalitia uzi, akalivaa shingoni. Mama alipokwenda kumsalimu alirudi akisema kambo amekuwa mtu mwingine, anasalimia hata watoto, na amesema azikwe nalo.

Ningenyamaza. Nasema kweli. Mzee alipata alichokitaka, na mimi kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini mkuu alikuja barazani, safari hii bila pancha, akiwa na abakosti mpya. Picha zilikuwa zimefika juu. Siku ya sikukuu, kambo angewasha tanuru uwanjani, mbele ya wakubwa na watu wote wa mji. Lori lingekwenda kumchukua kwa kuzunguka barabara ya lami na kupanda upande wa pili.

“Na mufuko?” nililiuliza gurudumu.

“Mufuko tena. Mukubwa kuliko ule.”

Uwanja ule ulikuwa na walinzi wa kampuni kila mlango. Akitokea mmoja tu wa kupekua majivu, au mmoja tu wa kumwonea mkuu wivu, shaba ya wizi ingekutwa ndani ya tanuru la nani? Si la mkuu. Kambo angekwenda Buluo na kitambaa chake cha chui, bila kujua kosa lake. Ilibidi ajue. Na akijua, lile tone la shingoni linakuwa nini?

Jumapili tatu nilipanda vilima, nikafika kwenye kijito chake, nikageuka. Mara ya tatu nilimwona kwa mbali ameketi nje, na koti lake, akizungusha kitu kifuani kwa vidole. Nilirudi nikishuka bila breki. Jumapili ya nne nilivuka kijito.

“Umeleta sukari?” alisema.

“Hapana, kambo.”

“Basi umeleta nini?”

Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, kila kilima neno lake, na yote yalipotea. Nikatoa mfukoni kile kipande kilichobaki, nikakiweka chini mbele ya miguu yake. Kilikuwa cha waridi bado, na zile chunusi zake.

Alikiangalia. Hakukiokota.

“Hii ni ya kampuni.”

“Ndiyo, kambo.”

“Utafungwa, mupumbavu. Tupa.”

“Zingine zilikuwa mu tanuru.”

Alicheka. Aliniambia mimi ni mtoto wa kambi, nina wivu, watoto wa kambi hawajui ila kula posho. Aliniambia nimelewa. Aliita jirani yake aje asikie jambo la kuchekesha. Jirani hakuwepo. Kisha akautazama mkono wangu wa kulia, na nikaona anakumbuka.

“Haukuanguka,” alisema.

“Hapana.”

“Njo mukono huu?”

“Njo huu.”

Alivua ule uzi shingoni. Aliweka tone karibu na kile kipande, akainama, akalamba kidole akasugua kimoja, akasugua kingine. Rangi moja. Akakaa hivyo ameinama muda mrefu, nikaona kisogo chake, na nikatamani anipige. Alipoinuka uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuta funza kwenye chakula alichokwisha kumeza.

“Nililia,” alisema. “Mbele ya bantu. Nililia juu ya hii.”

Alikwenda nyuma ya nyumba. Tanuru lilikuwa bado limesimama, limepasuka, amelitunza kwa kulifunika nyasi. Alilipiga teke, halikuanguka, akachukua mchi wa bibi mmoja akalivunja mpaka likawa udongo. Vipande vile viwili alinipa kwa kuvishika na jani, asiviguse.

“Vyoo iko pale. Tupa, halafu uende.”

Nikatupa. Nilipokuwa nageuza kinga, alisema kwa nyuma yangu, bila kupaza sauti, “Ulipita hapa na ile kintu. Mbele ya mulango yangu. Ulinisalimia.”

Lori lilipokuja, kambo alijilaza akasema ana kuhara. Dereva hakutaka kurudi mikono mitupu. Katika kijiji cha pili alipata mzee mwingine, mtu wa kuuza mkaa, ambaye hakuwahi kuyeyusha hata risasi ya kuzamishia nyavu. Walimvisha sketi ile ile. Mfuko ulibebwa na mwingine, kwa sababu nilisema rimu yangu imepinda. Nilisimama uwanjani katika watu, kwenye jua. Yule mzee alipuliza vibaya, aliimba wimbo wa harusi, alizunguka tanuru kinyume. Shaba ilitoka. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likainuka. Wakubwa walisimama. Hakuna mlinzi aliyepekua chochote. Mkuu alipandishwa cheo, na baada ya wiki moja alileta kinga yake, pancha ya mbele. Niliibandika kiraka. Nilifikiri kuitoboa tena kwa msumari baada ya kubandika, sikuitoboa.

Mwezi mmoja baadaye mama alitoka kwa kambo akaniambia, bila kunitazama, kwamba mzee anachota tena udongo wa kichuguu. Na kwamba ametuma neno: mimi naweza kwenda, lakini ile kinga isikanyage kwake. Kwa miguu.

Nilitoka alfajiri. Ni njia niliyoijua kwa magurudumu, na kwa miguu ilikuwa njia nyingine, ndefu, yenye mawe niliyokuwa sijayaona. Chini ya mwamba wenye mstari wa kijani chupa zao zilikuwa bado pale. Niliziokota nne, nikakosa pa kuzipeleka, nikaziweka tena chini.

Ilikuwa siku ya nne ya udongo. Tanuru lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, limekauka, limekuwa jeupe. Watu walikuwa wawili tu, kambo na jirani yake, na kambo alivaa koti lake la misa. Hakunisalimia. Alinionyesha kwa kidole mahali pa kukaa, mbali, chini ya ukingo wa paa la banda la kuku, na nikakaa. Sikuombwa kupuliza. Sikuombwa hata kuleta maji.

Walipuliza mpaka jioni. Alipotoboa tundu hakikutiririka kitu. Alingoja, akatoboa tena, akavunja ukuta kwa fimbo, akavuta nje bonge jeusi la takataka, baya, lenye matundu kama sifongo. Aliligonga kwa jiwe mara nyingi. Lilipasuka. Akachokora ndani kwa kidole, akatoa kitu, akakisugua kwenye mkono wa koti, akakigonga, akakisikiliza sikioni.

“Njo hii mukuba,” alimwambia jirani.

Alimwonyesha jirani. Walikitazama pamoja kwa muda. Mimi sikukiona, nilikuwa mbali, na hakuniita. Alikitia mfuko wa ndani wa koti akafunga kifungo.

Makaa hakuyamwagia maji. Aliketi kando yake akayaacha yafe yenyewe, na yalipokuwa bado na wekundu kidogo niliinuka, nikamuaga kambo, na nikaanza kutembea kurudi Likasi.